Joto likipanda, hivi virutubisho tunavyowapa ndege vinasaidia kweli au ni maji tu?

#1 Banda_la_Nyuma
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja. Joto likishaanza kuuma kila mfugaji anakimbilia vipakiti, mara elektrolaiti (chumvi za madini za kuchanganya na maji), mara vitamini C, mara multivitamini, mara soda ya kuokea. Mimi nina kuku wa mayai, njiwa na kasuku, na wote nawapa mchanganyiko mmoja kutoka ndoo moja. Ninachokiona ni hiki: njiwa wanatulia, kuku wanaendelea kutweta midomo wazi mbawa wamezitanua na mayai yao ganda linazidi kuwa jembamba, kasuku ndo kabisa, maji yakiwa na rangi anayatazama tu na kurudi kwenye kijiti chake.

Hoja yangu: kirutubisho kimoja kwa ndege wote hakina maana, na vipakiti vingi vinasaidia kwa sababu tu vinamfanya ndege anywe maji zaidi, basi. Anayepinga aje na sababu jinsi kitu kinavyofanya kazi mwilini, sio "mimi nawapa na hawafi".

#2 Kware_Wengi
Napinga mapema. Vitamini C inafanya kazi na sababu ninayo. Kuku na kware wanajitengenezea vitamini C kwenye figo, siku za kawaida hawahitaji kuletewa, lakini joto likizidi mahitaji yanapita kile figo inachotoa. Na hiyo vitamini ndo inasaidia kushusha kotikosteroni, ile homoni ya mfadhaiko, ambayo ikikaa juu muda mrefu inakula misuli na kuangusha kinga. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 200 hadi 250 kwa kilo ya chakula. Kware wangu wakiipata wanakula vizuri mchana kutwa.

#3 Mashudu
"Wanakula vizuri mchana kutwa", hapo hapo ndo penye hatari mkuu. Nitarudi jioni nieleze, saa hizi niko bandani.

#4 Kware_Wengi
Nakusubiri Mashudu, usitokomee kama kwenye ule uzi wa minyoo 😄

#5 Dkt_Mabawa
Salaam. Kabla hamjafika mbali tuwekane sawa kwanza na kinachotokea ndani ya ndege, maana kila pakiti inadai kutibu kitu tofauti.

Ndege hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida liko juu tayari, kuku ni karibu nyuzi 41 hadi 42, kwa hiyo nafasi ya kupanda kabla hajafa ni ndogo sana. Anapoza mwili kwa njia mbili. Ya kwanza anapeleka damu sehemu zisizo na manyoya, upanga, ndevu na miguu, joto litoke hapo. Hii inafanya kazi kama hewa ya nje ni baridi kuliko mwili wake. Ya pili, ile ya kwanza ikishindwa, anatweta ili unyevu wa kooni na kwenye mifuko ya hewa uvukizwe uondoke na joto. Kuku aliyetulia anapumua kama mara 25 au 30 kwa dakika, akizidiwa anapita 150.

Sasa kule kutweta ndo kunaleta balaa la pili. Anatoa kabonidioksidi nyingi kupita kiasi, damu inageuka kuwa na alkali, figo nazo zinajibu kwa kumwaga bikaboneti (ile alkali ya damu) pamoja na potasiamu na sodiamu kwenye mkojo. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu inashuka. Kwa hiyo ndege anapoteza maji, anapoteza chumvi, na kemia ya damu inayumba, vyote kwa pamoja. Mtu akisema "elektrolaiti" anagusa sehemu moja tu ya hiyo hadithi.

#6 Mama_Leya
Asante daktari. Hapo kwenye bikaboneti ndo penyewe kwetu sisi wa mayai. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, hiyo kaboneti inatoka kwenye damu ya kuku, kama damu haina ganda litatoka wapi? Ndo maana unaweza ukamwaga chokaa na maganda ya chaza mpaka uchoke na yai bado likatoka laini. Mimi natumia soda ya kuokea, ambayo ndo bikaboneti yenyewe, kwenye chakula, gramu 3 hadi 5 kwa kilo, na chumvi ya mezani napunguza ili sodiamu isizidi. Banda_la_Nyuma, hayo mayai yako nadhani jibu ni hilo.

#7 Chumvi_Kidogo
Mama_Leya nakuheshimu sana ila hapa kuna swali ambalo watu wanaliruka. Daktari kasema damu ishakuwa na alkali. Soda ni alkali. Unamwongezea ndege kitu kilekile ambacho damu yake imezidiwa nacho? Kwa kemia tupu ungetegemea tumpe kitu cha kurudisha asidi, yaani amoniamu kloraidi, au angalau potasiamu kloraidi ambayo haisukumi upande wowote na inarudisha potasiamu iliyopotea. Naomba mtu anijibu hilo bila kuniambia "inafanya kazi tu".

#8 Dkt_Mabawa
Swali zuri na watafiti wenyewe wameligombania. Teeter na wenzake mwaka 1985 waliwapa kuku wa nyama wenye joto amoniamu kloraidi kwenye chakula, ukuaji ukapanda, na walipoongeza soda juu yake ukapanda zaidi. Kwa hiyo vile vitu viwili vinavyoonekana kupingana vilisaidiana. Maelezo mojawapo ni kwamba pH ya damu (kipimo cha asidi na alkali) ni kitu kimoja na akiba ya bikaboneti ni kitu kingine: pH iko juu kwa sababu kabonidioksidi imeondoka, lakini bikaboneti yenyewe nayo imepungua kwa sababu figo zimeimwaga. Maelezo mengine ni kwamba yote mawili ni chumvi, na chumvi humfanya ndege anywe maji, hapo mtoa mada anapata pointi yake.

Ila amoniamu kloraidi sio ya kuchezea, ikizidi inageuza damu kuwa na asidi na ukuaji unaanguka. Na kwa kuku wa mayai inaharibu ganda, kwa sababu inamaliza ileile bikaboneti anayoisema Mama_Leya.

#9 Chumvi_Kidogo
Nimekupata. Kwa hiyo kuku wa nyama na kuku wa mayai hawapewi dawa moja hata kama wako banda moja na joto moja. Sijaridhika asilimia mia lakini endeleeni.

#10 Mama_Leya
Niongezee kitu kwenye soda maana wengi wanaitumia halafu wanalalamika. Yai linakaa karibu saa 20 kwenye sehemu inayotengeneza ganda, na kazi kubwa inafanyika usiku. Balnave na Muheereza walionyesha mwaka 1997 kwamba soda inaboresha ganda kwenye joto pale kuku anapoweza kula wakati ganda linatengenezwa. Ukimpa asubuhi, mchana hataki kula kwa ajili ya joto, usiku giza, ile soda inakuwa ishapita. Mimi nawasha taa kidogo katikati ya usiku, wanaamka wanakula wanakunywa wanalala tena. Maganda ya chaza yaliyopondwa chenga kubwa nayo naweka jioni, yanakaa kwenye firigisi yanaachia kalsiamu taratibu usiku kucha, ile ya unga inapita haraka.

#11 Njiwa_Angani
Wakuu naona mnajadili kuku tu. Mtoa mada kauliza pia kwa nini njiwa wake wanatulia na hakuna aliyemjibu.

Njiwa hategemei kutweta kama kuku. Kwanza anapepesa koo, ukimkaribia utaona ngozi ya chini ya mdomo inatetemeka haraka haraka kifua kikiwa kimetulia. Hewa inacheza pale kooni tu haizami sana mapafuni, kwa hiyo kabonidioksidi haitoki ovyo. Pili njiwa na jamaa zake wote hata hua wana uwezo mkubwa wa kuvukiza maji kupitia ngozi, na akishazoea joto ndo anaitegemea zaidi hiyo. Sasa kama damu yake haigeuki sana, hiyo soda unampa ya nini? Njiwa anachohitaji ni maji mengi, na chombo chenye kina maana anakunywa kwa kuvuta, anazamisha mdomo mpaka puani. Elektrolaiti nawapa wakitoka kuruka safari ndefu, siku hiyo tu, kesho yake maji matupu.

#12 Banda_la_Nyuma
Njiwa_Angani asante sana, hili la koo nimekwenda kuliangalia muda huu huu na ndivyo ilivyo, kifua hakisogei ni koo tu linapiga, na kuku wa pembeni yake mwili mzima unaruka kwa kuhema.

#13 Kware_Wengi
Kware naye anapepesa koo, msimsahau.

#14 Mashudu
Nimerudi kama nilivyoahidi. Kware_Wengi soma taratibu.

Chakula kikiingia tumboni kusagwa kwake kunazalisha joto, na hilo joto linaendelea kwa saa kadhaa baada ya kula. Ndege akila saa nne asubuhi, moto wa usagaji unakutana na jua la saa nane mchana, na hapo ndo wanadondoka, wale wakubwa wenye afya wanatangulia. Kwa hiyo kirutubisho chochote kinachosifiwa kwamba kinarudisha hamu ya kula mchana, mimi nakikataa kwa saa hizo. Naondoa vyombo asubuhi kabla jua halijachacha, narudisha jua likishuka. Maji hayaondoki hata dakika moja.

Halafu kuna nini kiko ndani ya hicho chakula. Protini iliyozidi ndo inatoa joto jingi zaidi maana mwili lazima uivunje na kuitoa kama asidi ya yuriki, na hiyo kazi inakula maji na nguvu. Mafuta yanatoa joto dogo kuliko wanga na protini. Kwa hiyo nashusha protini ghafi, naongeza laisini na methionini (asidi amino, vipande vinavyojenga protini) ili asipungukiwe, naongeza mafuta kidogo. Hicho ndo kirutubisho changu cha joto, hakina pakiti yenye picha ya jogoo.

#15 Kware_Wengi
Nimesoma na nakubaliana na saa za kula kwa kuku wa nyama. Ila kware anayetaga ni mdogo, anataga karibu kila siku, huwezi kumnyima chakula mchana kutwa akabaki anataga. Kwake vitamini bado ina kazi. Na hakuna mahali nimesema nawalazimisha kula saa nane.

#16 Mgeni_Bandani
Shikamooni wakubwa, mimi mgeni humu. Naomba kuuliza, soda ya kuokea nikikosa naweza kutumia yale magadi ya mawe? Nimeambiwa ni kitu kimoja.

#17 Chumvi_Kidogo
Karibu sana Mgeni, na nakuomba USIFANYE hivyo. Magadi ya mawe ni sodiamu kaboneti imechanganyika na bikaboneti na uchafu mwingine, yana ukali wa alkali kuliko soda ya kuokea kwa mbali sana, na ya sehemu nyingine yana floraidi. Huwezi kujua umempa ndege nini. Soda safi ya kuokea tu.

Na hapohapo niseme jambo la vipimo kwa sababu naliona linaua. Viwango vingi vinavyotajwa ni vya CHAKULA. Kuku akila gramu 100 za chakula chenye gramu 4 za soda kwa kilo, anapata gramu 0.4. Sasa mtu anachukua gramu 4 zilezile anaweka kwa lita ya maji. Siku ya joto kuku anaweza kunywa mililita 400, hapo amepata gramu 1.6, yaani mara nne. Na kadri joto linavyopanda ndo anavyokunywa zaidi, kipimo kinapanda chenyewe bila wewe kugusa kitu. Vifaranga figo zao bado changa, sodiamu ikizidi wanajaa maji tumboni na kufa na wewe unasema ni joto.

#18 Mgeni_Bandani
Asante kaka, nimeelewa. Magadi nayaacha.

#19 Mama_Leya
Chumvi_Kidogo hesabu hiyo naomba kila mtu aisome mara mbili. Ndo maana mimi soda naweka kwenye chakula, maji nayaacha.

#20 Tundu_na_Kijiti
Habari wana jukwaa. Mimi ni wa ndege wa tundu, kasuku, chiriku na jamii zao, na kusema kweli huu uzi mpaka sasa ni wa hatari kwetu kama mtu atabeba vipimo vya kuku akavileta kwenye tundu.

Kuna vitu vitatu nataka niviseme. Moja, vitamini C inaongeza ufyonzaji wa madini ya chuma. Kwa kuku sio tatizo. Lakini maina na tukani wana ugonjwa unaojulikana wa chuma kurundikana kwenye ini, na kasuku wale wanaokula nekta wamo kwenye hatari hiyo. Ukimwagia maina vitamini C kila siku ya joto unamsaidia leo unamuua ini baadaye. Halafu kuna ndege wa jamii ya shomoro ambao hawatengenezi vitamini C kabisa, hao wanahitaji waipate kwenye chakula mwaka mzima. Unaona tulivyo mbali na "vitamini C ni nzuri kwa ndege".

Mbili, yule kasuku wa kijivu anajulikana kwa kalsiamu ya damu kushuka mpaka anapata degedege. Daktari kasema kutweta kunashusha kalsiamu iliyo huru. Anayefuga kasuku wa kijivu kwa mbegu tupu akae akijua, mbegu za alizeti hazina kalsiamu ya maana. Lakini usikimbilie vitamini D3 ya matone, ikizidi inaua figo, na macaw, yule kasuku mkubwa, ni mwepesi sana kudhurika nayo.

Tatu, Banda_la_Nyuma kasuku wako kukataa maji yenye rangi usimwone mkaidi. Ndege wengi wa tundu wanakataa maji yaliyobadilika rangi au ladha, na siku ya joto ndege asiyekunywa anaondoka haraka kuliko aliyekosa vitamini. Maji yake yaache matupu. Kama lazima umpe kitu weka kwenye chakula laini au tunda. Tango na tikiti ni maji karibu yote, yanafaa, toa kabla hayajachacha. Parachichi usimpe kabisa, lina sumu kwa ndege.

#21 Banda_la_Nyuma
Tundu_na_Kijiti ubarikiwe. Kasuku wangu ni wa kijivu na wanakula mbegu kweli. Kuanzia leo hawanywi tena kutoka ndoo ya kuku.

#22 Feni_Kwanza
Wakuu nimesoma toka juu na sijaona mtu ametaja unyevu wa hewa. Kutweta ni kuvukiza maji. Hewa ikiwa imeshiba mvuke maji hayavukizwi, ndege anatweta bure, anachoka, na misuli ya kutweta yenyewe inazalisha joto. Hapo mpe vitamini C, mpe soda, mpe chochote, hakitoki kitu. Unahitaji hewa itembee. Na wale wanaonyunyiza maji bandani bila upepo wanazidisha, mnageuza banda chumba cha mvuke.

Cha pili nendeni mkaguse maji ya ndege wenu saa nane mchana. Namaanisha ingiza mkono. Bomba la plastiki limepita juani, tangi liko chini ya bati, maji yanatoka ya moto kama ya kuoga. Kuku maji ya hivyo anapunguza kunywa. Mmemwekea elektrolaiti kwenye maji ambayo hanywi. Fungua mwisho wa bomba yale ya moto yamwagike, fukia bomba, funika tangi. Mimi nasema maji ya baridi na upepo vinabeba kazi karibu yote na hizo pakiti zinabeba sifa.

#23 Kware_Wengi
Feni_Kwanza ukiulizwa hata kuhusu chawa wa kuku utajibu feni 😄 Lakini la bomba ni kweli, nimekugongea.

#24 Mashudu
Hahaha na kweli kwenye uzi wa chawa alisema feni.

#25 Jogoo_wa_Zamu
Naomba kuuliza. Nikichanganya vitamini C na soda kwenye ndoo ya maji inatoa povu linachemka lenyewe. Kuna fundi aliniambia hiyo ndo dalili dawa ni kali na inafanya kazi. Ni kweli?

#26 Chumvi_Kidogo
Jogoo_wa_Zamu, vitamini C ni asidi, soda ni alkali, zimekutana zikamalizana humo ndani ya ndoo. Lile povu ni kabonidioksidi, yaani ileile bikaboneti uliyotaka imfikie kuku inaondoka hewani. Na vitamini C iliyobaki kwenye maji ya alkali inaharibika haraka zaidi. Usizitie ndoo moja. Hata peke yake vitamini C kwenye maji haidumu, mwanga, klorini na madini ya shaba au chuma vinaimaliza, kwa hiyo chombo cha plastiki, kivulini, changanya kidogo, kesho changanya upya.

#27 Feni_Kwanza
Na mkishamaliza hizo dawa za maji safisheni mabomba. Pakiti nyingi zimejazwa sukari ndo unga uwe mwingi. Chomoa chuchu moja ya bomba la maji upitishe kidole ndani, ukikuta utelezi, huo ni ukoko wa bakteria unakula ile sukari. Ndege anakunywa kupitia hapo.

#28 Mgeni_Bandani
Samahani na aspirini je? Nimeona watu wanaponda vidonge wanaweka kwenye maji kwa sababu ndege ana joto.

#29 Dkt_Mabawa
Mgeni unauliza vizuri. Homa na joto la jua ni vitu viwili. Kwenye homa ubongo wenyewe umepandisha kipimo cha joto la mwili, aspirini inakishusha. Kwenye joto la jua kipimo kiko palepale, ni mwili unashindwa kutoa moto, kwa hiyo aspirini haina cha kushusha. Wapo wanaosema inasaidia kwa njia nyingine ila mimi siipendekezi, kwa kuku wa mayai na nyama kuna na suala la dawa kubaki kwenye chakula cha watu.

Jambo ambalo nashangaa halijatajwa ni nikabazini, ile dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo) inayowekwa kwenye chakula cha vifaranga wa nyama. Kwenye joto kali inajulikana kuongeza vifo. Kabla ya kuongeza kirutubisho someni karatasi ya mfuko wa chakula muone kilichomo tayari.

#30 Mashudu
Daktari hilo la nikabazini ni la kuandikwa ukutani. Watu wanahesabu vifo wanalaumu jua peke yake.

#31 Shubiri_Chungu
Mbona hamgusi mitishamba? Mimi natumia tangawizi, kitunguu saumu na manjano, nakausha nasaga nachanganya kwenye chakula. Kuku wangu wanavumilia.

#32 Tundu_na_Kijiti
Kwa kuku sawa, kwa ndege wa tundu kitunguu saumu kuwa makini, jamii ya vitunguu inaharibu chembe nyekundu za damu ikizidi na mwili wa chiriku ni mdogo mno.

#33 Chumvi_Kidogo
Shubiri_Chungu, manjano na tangawizi hoja yake ni kuzuia madhara ya oksijeni kwenye seli, na hiyo sio hoja ya uongo kwa sababu joto kali linaharibu kuta za seli na mafuta yake. Tatizo ni kwamba hujui kipimo, unga wa leo na wa kesho haulingani. Kwa kazi hiyo hiyo kuna vitamini E, kwa kuku wa mayai kwenye joto kiwango kinachotajwa sana ni miligramu 250 kwa kilo ya chakula, na hiyo kazi yake kubwa ni kulinda ini linalotengeneza vitu vya kiini cha yai. Selenium, ambayo ni madini, inakwenda nayo pamoja lakini jamani selenium sio ya kukadiria kwa kijiko, Marekani sheria inaruhusu kuongeza miligramu 0.3 tu kwa kilo ya chakula, ikizidi ni sumu.

Na kama mnataka kitu kimoja ambacho mimi nakipa heshima ni betaini, inatoka kwenye kiazi sukari. Inaingia ndani ya seli inashikilia maji yasitoke, bila kubebesha figo sodiamu. Gramu 1 kwa kilo ya chakula. Hiyo haigombani na soda wala na vitamini C.

#34 Shubiri_Chungu
Sawa nimesikia, kipimo nitakiangalia. Ila tangawizi siachi 😄

#35 Njiwa_Angani
Betaini hata sisi wa njiwa tunaitumia ila kwa ajili ya ini na mbio, kwenye joto sijawahi kuona tofauti ya wazi.

#36 Jogoo_wa_Zamu
Nyie mnasumbuka na pakiti, mimi kuku kishingo wananitosha. Shingo tupu haina nyoya, joto linatoka lenyewe.

#37 Mama_Leya
Ni kweli Jogoo, ule urithi unapunguza manyoya mwili mzima sio shingoni tu, na kwenye joto wanawazidi wenzao. Ila mtu mwenye banda limejaa leya (kuku wa mayai) tayari hawezi kuwabadilisha leo.

#38 Mgeni_Bandani
WAKUU NAOMBA MSAADA WA HARAKA kuku mmoja amelala ubavu anahema sana macho anafumba, nimpe soda au vitamini?

#39 Dkt_Mabawa
Usimpe kitu chochote mdomoni, atapaliwa maji yaingie kwenye mapafu. Mpeleke kivulini penye upepo sasa hivi. Chovya miguu yake kwenye maji ya baridi ya kawaida sio ya barafu, lowesha upanga na ndevu na chini ya mbawa, mpepee. Akiinua kichwa na kuanza kumeza mwenyewe ndo umwekee maji karibu. Na uwaangalie wenzake, kama mmoja kalala wengine wako njiani, wape nafasi wasibanane, ondoa chakula.

#40 Feni_Kwanza
Na fungua kila dirisha, wakizunguka sana usiwafukuze fukuze, kila wanavyokimbia ndo wanaongeza moto.

#41 Mgeni_Bandani
Ameinua kichwa. Amesimama ila anayumba. Nimewatoa wengine nusu nje chini ya mti. Mungu awalipe.

#42 Mama_Leya
Alhamdulillah. Usiku ndo wape elektrolaiti kwa kipimo cha pakiti, mara moja, wakiwa wametulia na wanakunywa wenyewe. Yule mgonjwa mtenge.

#43 Banda_la_Nyuma
Pole Mgeni, hongera kwa kuwahi. Kwa upande wangu nimegawa: kuku soda kwenye chakula cha jioni na taa ya usiku, njiwa maji matupu kwenye chombo cha kina, kasuku maji matupu na tango na mlo wao nabadilisha polepole. Lakini bado nashikilia hoja yangu. Soda, kloraidi, hata hizo elektrolaiti, mtu hajaniambia bado ni kiasi gani cha faida ni kemia ya damu na kiasi gani ni ndege kunywa maji zaidi.

#44 Kware_Wengi
Na mimi nashikilia vitamini C. Nina mabanda yanayofanana, nitagawa kware, nusu wapate kwenye chakula nusu wasipate, nihesabu mayai na vifo.

#45 Feni_Kwanza
Pima na maji wanayokunywa kila upande, lasivyo Banda_la_Nyuma atakukataa. Na uhakikishe jua la jioni halipigi upande mmoja tu.

#46 Mashudu
Na wape chakula saa zilezile pande zote mbili.

#47 Kware_Wengi
Maji nitapima kwa ndoo yenye alama. Chumvi_Kidogo, nichanganye vipi miligramu 250 kwa kilo ili isikae sehemu moja ya chakula? Mzani wangu mdogo unaanzia gramu 1.

#48 Chumvi_Kidogo
Pima gramu 5 changanya kwanza na kilo moja ya pumba laini mpaka ienee, halafu hiyo kilo ichanganye na kilo 19 za chakula. Changanya cha wiki moja tu usiweke akiba, na mfuko ukae penye giza. Tuma matokeo humu hata kama yatakupinga.